Masango ya Kaze: Namna ya Kubadili Tabia ya Metali kwa Kuivuta na Kuipinda

Nenda kwa fundi umeme yeyote pale Tabora mjini, umwombe kipande cha waya wa nyumba, ule wa moja na nusu wenye uzi mmoja mnene ndani. Hatakuuliza cha nini. Vipande vya namna hiyo vimejaa chini ya meza yake. Menya plastiki kwa kisu. Shika shaba nyekundu iliyobaki, ipinde kidogo kwa vidole viwili, kisha iachie: inarudi ilipokuwa. Sasa ipinde mpaka iwe ndoana, uiachie tena. Imejikunjua kidogo sana, ikabaki ndoana. Ukijaribu kuinyoosha utaona jambo ambalo kila fundi analijua na wachache wanaliuliza: waya haukubali kunyooka pale pale ulipopindia. Unapinda pembeni, mahali palipokuwa bado laini, na unabakiwa na kinundu.

Hukuongeza kitu kwenye shaba hiyo wala hukupunguza. Uzito ni ule ule. Lakini pale kwenye kinundu sasa una metali ngumu zaidi kuliko ile uliyoanza nayo, na hata umeme unapita hapo kwa shida kidogo kuliko mwanzo. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuyafanya mabadiliko hayo kwa makusudi, kuyapima, na kuyafuta. Unahitaji jiko la mkaa, plaizi, betri ya bodaboda, mita ya umeme ya bei nafuu na penseli. Mwisho wake utafika karibu na kazi inayofanywa leo kwenye maabara za maada za kwantumu, yaani vitu ambavyo elektroni zake zinaishi kwa kutegemeana sana kiasi kwamba ukizibana kidogo tu zinabadili mwenendo wote.

Nimechagua shaba kwa sababu ya mahali tulipo. Kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mizigo ya kwenda bara ilikuwa hasa nguo, ushanga na masango. Neno hili la mwisho limeanza kupotea, nalo ni zuri: masango ni waya mnene wa koili. Ukisema masango mekundu unamaanisha shaba nyekundu. Ya shaba ya manjano ni mengine. Waya mwembamba uliozungushwa ukawa kikuku uliitwa udodi, na ule mnene uliojizungusha mkononi au mguuni uliitwa kitindi. Wahunzi wa Unyamwezi waliyapokea masango ya pwani wakayageuza kuwa mapambo ya watu wao. Ndugu zao wa Usumbwa waliohamia Katanga katikati ya karne ya 19 chini ya Msiri, wale wanaoitwa Wayeke, walijulikana kwa kuivuta shaba ya huko kuwa waya. Kwa hiyo usidhani unaanza somo geni. Unarudia kazi ya nyumbani ukiwa na mita mkononi.

Kunepa, kupinda na kuteguka

Ufito ukiukunja na kuuachia, unarudi. Huko ni kunepa. Ndani ya metali inayonepa, atomu zimesogezwa mbali kidogo au karibu kidogo, lakini kila moja bado ina majirani wale wale. Ukizidisha nguvu, safu za atomu zinateleza na majirani wanabadilika. Hapo metali imepinda, na hairudi kwa hiari yake. Shika sana tofauti hii, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwa wanafunzi yanaanzia hapo: mtu anapima kitu kilichonepa akidhani kimepinda, au anapinda kitu kabisa halafu anashangaa kwa nini kipimo hakirudi sifuri.

Safu hazitelezi zote kwa pamoja. Fikiria jamvi kubwa la msikitini unalotaka kulisogeza shubiri moja. Huliburuti zima, unalitia kunjo upande mmoja, kisha unalisukuma kunjo hilo mpaka upande wa pili. Ndani ya fuwele za metali kuna makunjo ya namna hiyo, na mimi nayaita miteguko, kwa kuwa sijapata neno bora kuliko la mganga wa mifupa. Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba metali hupinda kwa miteguko kutembea. Metali laini inayo michache. Ukiifua au kuivuta, inazaliana, inapishana, inazuiana kama mikokoteni kwenye lango la soko, na metali inakuwa mbishi. Katika kipande cha sentimita moja ya ujazo cha shaba iliyofuliwa sana ikiwa baridi, ukiiunganisha miteguko yote ncha kwa ncha, urefu wake unapita kilomita milioni moja. Mwezi uko kilomita 384,000 tu kutoka hapa. Wanyamwezi mnisamehe, lakini nisingeweza kuiacha hesabu hiyo.

Zoezi la moto

Kata vipande vitatu vya sentimita 20 kutoka waya ule ule. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Hicho ndicho kipimo chako. Cha pili na cha tatu, kimoja kimoja, kibane upande mmoja kwenye jiliwa na upande wa pili kwenye drili ya mkono, ukizungushe mizunguko 20 ukiwa umekivuta kidogo kisilegee. Ukiwa huna drili, plaizi mbili na subira zinatosha. Kisha kipande cha tatu kiweke juu ya makaa mpaka kiwe chekundu hafifu. Fanya kazi hii jioni au ndani ya kivuli, kwa maana jua la Tabora la saa saba litakuficha rangi hiyo, na utaendelea kuvukuta mpaka uharibu waya. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, na jiko lenye mivukuto mizuri linaweza kufika huko. Kikishakuwa chekundu, kitoe kwa koleo na ukitose majini.

Kuhusu maji: mhunzi wa chuma atakuambia usifanye hivyo, kwa kuwa kisu au patasi ikitoswa inakuwa ngumu. Ni kweli kwa chuma cha pua. Kwa shaba maji hayafanyi ugumu wowote. Yanakupunguzia muda wa kusubiri na kubandua magamba meusi.

Sasa pima. Bana kipande sentimita 10 kutoka ncha, kikiwa kimelala kama tawi. Kwenye ncha tundika nati za aina moja, moja baada ya nyingine, na kila mara ziondoe uone kama waya umerudi. Andika ni nati ngapi zilizoufanya usirudi tena. Kipande cha kwanza kitashindwa mapema. Cha pili kitabeba mzigo mara kadhaa ya huo. Cha tatu, ambacho kilizungushwa sawa na cha pili, kitashindwa karibu na pale pale kiliposhindwa cha kwanza. Moto umeyafuta mazungushio yote: atomu zimepata joto la kutosha kujipanga upya, fuwele mpya zimeota zisizo na msongamano wa miteguko, na shaba imerudi utotoni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa samaki walipatia. Shaba ina bahati zaidi. Ikikauka, mkaa unaurudisha ubichi wake mara nyingi utakavyo.

Tahadhari zangu zina sababu. Usichome waya na plastiki yake. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza kwa uvivu wa kumenya, nikakohoa usiku kucha. Moshi ule una asidi inayotafuna mapafu. Usitie jikoni waya wa seng'enge wala kipande cha bati, kwa sababu zinki yake hutoa moshi unaoleta homa. Na shaba uitafute kwa halali. Waya uliokatwa usiku kwenye nguzo au kando ya reli haufai hata kwa sayansi.

Zoezi la kuvuta

Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa usifanye haraka. Tafuta bamba la chuma la milimita 5. Mwombe fundi wa kuchomelea akutobolee matundu manne kwa drili: milimita 1.3, 1.2, 1.1 na 1.0. Upande wa kuingilia, kila tundu alipanue kidogo kwa kekee kubwa liwe kama faneli, kisha ulisugue ndani kwa uzi uliopakwa unga wa msasa mpaka ling'ae. Tundu lenye meno linachana waya, na waya uliochanwa utakatika kwenye tundu la tatu ukiwa umeshajipongeza.

Waya wa moja na nusu una kipenyo cha karibu milimita 1.38. Ulainishe kwanza jikoni, uusafishe, uchonge ncha kwa tupa iwe kama sindano, uupake nta ya nyuki. Wanunuzi wa mbali hulipia fedha nta ya Tabora. Wewe unaipata jirani, na masonara wa nchi nyingi huitumia hasa kwa kuvutia waya. Pitisha ncha kwenye tundu la 1.3, ishike kwa plaizi upande wa pili, vuta kwa mkono mmoja ulionyooka bila kusita katikati. Ukisita, utaacha alama. Endelea na 1.2, halafu lainisha tena kwa moto kama unaona waya unagoma. Lakini kutoka 1.1 hadi 1.0 vuta bila moto, maana tunataka ubaki mgumu. Vaa miwani. Waya unaokatika ukiwa umevutwa hurudi usoni.

Ulianza na sentimita 60. Ukifika kwenye 1.0 utakuwa na kama sentimita 115, kwa kuwa shaba haipotei; inachopungukiwa unene inakipata kwa urefu. Na ukinzani wa umeme? Urefu umezidi karibu mara mbili na upana wa njia umepungua karibu nusu, kwa hiyo ukinzani wa waya mzima unakuwa zaidi ya mara tatu na nusu ya ule wa mwanzo. Hiyo ni jometri tupu, haijahusu tabia ya ndani ya shaba hata kidogo. Usijisifu nayo.

Kupima, fanya hivi. Chukua betri ya bodaboda ya volti 12 na balbu ya breki ya wati 21. Unganisha betri, balbu na waya wako mfululizo. Mkondo utakuwa karibu ampea 1.75. Kamwe usijaribu zoezi hili kwenye soketi ya ukutani. Weka mita kwenye milivolti 200, na uguse waya wenyewe kwa ncha zote mbili za mita, ndani ya klipu za betri, si juu ya klipu. Ukigusa klipu utakuwa unapima kutu ya klipu. Waya wa sentimita 60 kabla ya kuvutwa utakupa kama milivolti 12. Ukishavutwa hadi sentimita 115, kama milivolti 44.

Sasa ndilo swali lenyewe: katika hizo 44, ni kiasi gani kimetokana na miteguko? Huwezi kujua kwa kulinganisha na 12 za mwanzo, kwa sababu tundu lililokosewa kwa asilimia 5 linaharibu hesabu kwa asilimia 20. Njia ni kuupima waya huo huo mgumu kati ya alama mbili ulizoweka kwa kisu, kuulainisha jikoni, kuuacha upoe, kuusugua msasa mwepesi pale kwenye alama, na kuupima tena kwa balbu na betri ile ile. Tofauti utakayoiona ni ndogo, asilimia mbili hivi, labda tatu: milivolti 44 zinakuwa 43. Hiyo milivolti moja ndiyo sauti ya miteguko. Elektroni zilikuwa zinajikwaa kwayo, moto ukaiondoa.

Na uache waya upoe kweli kweli. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja. Waya wenye joto la nyuzi tano tu zaidi ya hewa ya chumba utameza tofauti yote unayoitafuta, na utaandika kwenye daftari kwamba moto umeharibu shaba. Nakushauri uache waya usiku kucha, upime alfajiri, saa moja ile kabla bati za paa hazijaanza kupata moto. Ndiyo, ni mapema. Asiyetaka kuamka apime zoezi la kwanza tu.

Mtu wa kwanza kusikiliza umeme ndani ya waya unaovutwa alikuwa William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Mwaka 1856 alitoa matokeo yake: nyaya za shaba na za chuma zikivutwa kwa uzito, ukinzani wake unapanda, na wa chuma unapanda zaidi. Novemba ya mwaka uliofuata, wasafiri Burton na Speke waliingia Kaze, Tabora ya siku hizo, wakakuta mji wa wafanyabiashara ambao waliuza na kununua waya kwa uzito na kwa koili. Nyaya mbili, bara mbili, mwaka mmoja kati yao. Leo mizani inayopima malori kwenye barabara kuu zetu ina ndani yake nyuzi nyembamba za metali zilizogandishwa kwenye chuma. Lori likipanda, chuma kinanepa, nyuzi zinavutwa, ukinzani unabadilika, na dereva anaonyeshwa tani zake. Thomson angeitambua mara moja.

Karakana ya Lulanguru

Niruhusu nitoke njiani kidogo. Mwaka 1916 Wajerumani waliozuiliwa bahari walikosa sarafu, wakaweka kiwanda cha kupiga fedha kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora. Dhahabu ya Sekenke ilitengenezwa sarafu ya rupia 15 yenye tembo, robo tatu yake ikiwa dhahabu tupu. Shaba na shaba ya manjano zikawa heleri 20 na heleri 5. Zina herufi T, ya Tabora. Septemba 19 mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji.

Kilichofanyika mle karakanani ni zoezi lako la kwanza na la pili kwa nguvu kubwa. Bamba la metali linapitishwa kwenye magurudumu ya kusaga hadi liwe jembamba, linakuwa gumu, linalainishwa kwa moto, linakatwa duara, kisha linapigwa mhuri likiwa baridi. Bila kulainisha, picha haiingii na mhuri unapasuka. Pigo la mwisho ndilo linaloipa sarafu ugumu wa kuishi mifukoni. Ukibahatika kuishika moja, angalia chini ya lenzi jinsi metali ilivyotiririka kuelekea kwenye kingo bila kuyeyuka hata mara moja.

Treni nazo zinafua kila siku. Kwenye makutano ya reli, pale njia ya Mwanza iliyofika mwaka 1928 inapoachana na ya Kigoma, magurudumu yanagonga chuma mahali pale pale mchana na usiku. Kuna aina ya chuma chenye manganizi nyingi ambayo reli nyingi duniani huiweka mahali pa namna hiyo, kwa sababu kadiri kinavyogongwa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu.

Zoezi la penseli

Shaba ni metali ya kawaida. Inabadilika kwa asilimia mbili na kunyamaza. Sasa chukua kitu chenye hasira zaidi. Nunua penseli ya msanii, ya 6B, laini na nyeusi sana. Ndani yake kuna kinywe, madini ambayo Tanzania inayo kwa wingi Mahenge na pia Merelani pamoja na tanzanaiti. Kinywe ni kurasa juu ya kurasa za atomu za kaboni. Ukurasa mmoja peke yake unaitwa grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliubandua kwa selotepu huko Manchester mwaka 2004 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2010, nao ni maada ya kwantumu hasa: elektroni zake zinakwenda kama hazina uzito.

Kwenye kadi ngumu, kama ya mwaliko wa harusi, chora umbo la U lenye miguu mirefu ya sentimita 6 na upana wa milimita 4. Paka mara nyingi, kwa nguvu, mpaka ing'ae kama risasi. Kwenye kila mguu bana klipu ya karatasi, na uunganishe mita ikiwa kwenye kiloomu. Namba inaweza kuwa kiloomu tano au mia moja, kutegemea ulivyopaka. Hilo si neno. Subiri itulie.

Ikunje kadi taratibu ili mchoro uwe nje ya mkunjo, yaani unavutwa. Namba inapanda. Ikunje upande wa pili, mchoro ukiwa ndani na unabanwa. Namba inashuka. Iachie: inarudi karibu na mwanzo, kama hukuzidisha. Mkunjo mdogo usiovunja karatasi unaweza kubadilisha namba kwa asilimia kadhaa, ambapo shaba ingesogea kwa sehemu ndogo ya asilimia. Sababu kubwa ni kwamba vipande vya kinywe vinaachana na kugusana upya kama magamba ya samaki, na umeme unaruka kutoka gamba hadi gamba. Usimwambie mtu kwamba umeona kwantumu ya grafini kwa kadi ya harusi; hujaiona. Lakini umejenga kipimo cha mnepo kwa shilingi mia chache, na utaratibu wake (kunepesha kidogo, kusoma umeme, kuachia, kusoma tena) ndio ule ule wa maabara.

Grafini yenyewe ikikunjwa inafanya maajabu makubwa zaidi. Mwaka 2010 kundi la Michael Crommie huko Berkeley, California, lilichunguza vipovu vidogo mno vya grafini iliyoota juu ya platini. Mkunjo wa vipovu hivyo uliziendesha elektroni kana kwamba zimetiwa ndani ya sumaku ya zaidi ya tesla 300. Hakuna sumaku ya kudumu duniani inayokaribia nguvu hiyo, na pale hapakuwa na sumaku yoyote, ila kunjo.

Maabara wanafanya nini ambacho wewe hufanyi

Wana baridi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na siyo elimu peke yake. Mwaka 1994 kundi la Yoshiteru Maeno huko Hiroshima lilionyesha kwamba fuwele za strontiamu, rutheniamu na oksijeni hupitisha umeme bila ukinzani wowote zikipozwa sana; zilizo safi hufikia hali hiyo kwenye kelvini 1.5, yaani nyuzi moja na nusu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Clifford Hicks, Andrew Mackenzie na wenzao wa Dresden wakachukua kijiti cha fuwele hiyo, wakakishika ncha mbili, wakakibana kwa mwelekeo mmoja tu. Matokeo ya mwaka 2017 yalikuwa haya: kubanwa kwa kiasi cha asilimia 0.6 tu ya urefu kulipandisha joto hilo hadi kelvini 3.5 hivi, zaidi ya mara mbili. Hawakuongeza kiungo wala kupunguza. Na kwa kuwa kijiti kilikuwa kimenepa bila kupinda, walipokiachia kilirudi.

Koleo lao ni vijiti vya kauri vinavyorefuka vikipewa volti. Wamevipanga viwili viwili kwa kupingana, ili baridi inapobadili urefu wa vyote, badiliko hilo lijifute lenyewe na kuacha nguvu ile tu waliyoitaka. Hiyo ni akili ile ile ya kusubiri waya upoe usiku kucha: kwanza ondoa joto kwenye hesabu, ndipo usikilize.

Wengine wanapinda kabisa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na washirika wao walitangaza kwamba strontiamu titanati, fuwele ambayo ungetegemea ivunjike kama kigae, ikibanwa hadi ipinde moja kwa moja, miteguko yake hujipanga kwa mistari, na pale penye mistari upitishaji usio na ukinzani unapata nguvu. Kwenye shaba yako miteguko ilikuwa mawe ya kujikwalia elektroni. Huku imekuwa msaada. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie miteguko ni kasoro. Inategemea imo ndani ya kitu gani, na unataka kitu hicho kikufanyie nini.

Jambo hili si la maabara za mbali peke yake. Tangu mwaka 2003 vipande vya silikoni kwenye kompyuta, na baadaye kwenye simu, vimetengenezwa vikiwa vimevutwa au kubanwa kwa makusudi, ili elektroni zipite kwa kasi zaidi. Simu uliyotumia kupiga picha ya ndoana yako ya shaba inafanya kazi ikiwa imekazwa.

Kama utaendelea

Tunza daftari, na kila kipimo kiandikie vitu viwili kabla ya namba: joto la chumba, na kama kitu kilikuwa kimenepa au kimepinda. Namba isiyo na hayo itakuchekesha baada ya mwezi. Ukiwa mwalimu, zoezi la penseli linatosha darasa la watu hamsini kwa kipindi kimoja. La kuvuta waya lifanye na wanafunzi watano wenye subira, tena Jumamosi.

Na kama nyumbani kwenu, Unyanyembe, Urambo, Ussongo au kokote kwenye njia ile, kuna sanduku la bibi lenye kitindi au udodi wa zamani, ukitazame kwa lenzi. Mistari myembamba inayokwenda kwa urefu ni alama ya tundu la kuvutia. Nyuso ndogo bapa ni za nyundo. Mtaalamu mwenye hadubini anaweza kusoma zaidi ya hapo, lakini ikiwa tu metali haijaguswa. Kwa hiyo usikipige msasa, wala usikitie jikoni kujaribu zoezi la kwanza: dakika mbili za makaa zitafuta kazi yote ya yule mhunzi. Kifunge kwenye kitambaa kikavu, andika kwenye karatasi nani alikivaa na alikipata wapi, uirudishe karatasi sandukuni pamoja nacho.